Sauti ya Gaudence kwenye sehemu ya tatu

Winfrida, Jumapili ya Matawi mwaka jana kaka Gaudence alitoka nyumbani kwenda Majengo kutafsiri filamu kwa sauti yake, hakurudi. Mwili hatukuuona, mwishowe tukakubali amekufa. Unajua tulivyomlia.

Leo nimemsikia.

Nilikuwa banda la video hapa Rau. Ile ya mapigano, sehemu mpya ya tatu. Mbovu! Aliyekufa sehemu ya pili amefufuka bila maelezo, nikawa nacheka.

Halafu mtafsiri akaanza kuongea. Ni yeye. Nikamwambia mwenye banda, akanicheka: "Dada, marehemu hatafsiri. Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu yeyote."

Sawa. Lakini daraja lilipokatika kwenye filamu, akatania kama kawaida yake: "Limesombwa kama letu la Kirua!"

Winfrida, letu limesombwa masika haya. Mwaka jana lilikuwepo!

Kisha steringi, yule mhusika mkuu, amefunga mdomo kabisa, na Gaudence anasema polepole: "Msinitafute."

Nikaomba irudishwe. "Msinitafute."

Mama hajui. Pombe ya mbege imeshaiva, na kesho padre anapanda Kirua kumwombea marehemu Gaudence.