Sifuri Iliyouficha Ukurasa wa Daktari

Alhamisi, Bariadi. Mawingu tangu asubuhi, na ardhi bado ina maji ya mvua ya jana. Kichwa changu hakitulii.

Nimeshinda ofisini nikitazama namba nilizozitunga mwenyewe, na sizielewi.

Jana alinipigia mzee Masanja, mfugaji wa Zagayu. Anatumia tovuti yetu ya ushauri wa mifugo, na sehemu ya kutafuta niliitengeneza mimi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama kwa upole, kisha akanieleza. Juzi maksai wake mmoja alikula majani mabichi, akavimba. Mzee akaandika kwenye simu: ng'ombe amevimba tumbo. Ukurasa uliotokea juu ulihusu kunenepesha ng'ombe, unasema tumbo lililojaa ni dalili nzuri. Akasubiri. Kufika mchana, maksai akafa.

"Nilisoma wa kwanza," akasema. "Wa kwanza si ndio wenye jibu?"

Nikamwambia huenda mtandao ulisumbua.

Sijui kama nilidanganya au nilikuwa natumaini tu.

Leo nikaandika maneno yaleyale. Ukatokea uleule wa kunenepesha. Ukurasa wa kuvimba tumbo upo, daktari wetu wa mifugo aliuandika wiki iliyopita, na maneno yote ya mzee yamo. Lakini uko mwisho kabisa, chini hata ya ule wa kuku.

Nikafungua hesabu hatua kwa hatua. Kwa maneno, ukurasa wa daktari umepata alama nyingi kuliko zote. Kisha fomula yangu inazizidisha alama hizo kwa kipimo cha wasomaji. Ukurasa ni mpya, hakuna aliyewahi kuusoma. Sifuri. Zidisha chochote kwa sifuri, unabaki na sifuri.

Hausomwi kwa sababu uko chini, na uko chini kwa sababu hausomwi. Siku naipanga fomula hiyo nilijiona mjanja.

Nikabadilisha, wasomaji waongeze alama kidogo tu, wasizidishe. Ukurasa wa daktari ukapanda juu. Nikashusha pumzi. Halafu nikajaribu "ndama anaharisha", na wa kunenepesha ukarudi kileleni. Kwa nini? Nimezipitia namba mara tatu. Sijaona.

Saa kumi nikampigia mzee.

"Baba, haukuwa mtandao. Kosa ni langu. Ushauri wa daktari ulikuwepo, hesabu yangu ikauficha."



"Sawa, mayu. Mvua ndiyo hii imeshaanza. Sasa yule aliyebaki atalima na nani?"

Maksai hulima wawili wawili, hilo nalijua tangu utoto, na bado halikunijia akilini hata mara moja siku nzima.

Kesho nakwenda Zagayu pamoja na daktari. Sijui nikifika nitasema nini. Nitakaa, nimsikilize mzee kwanza.