Mkono Ulioingia Mfukoni

Hua Hin, Thailand
20 Juni

Kwako Tatay mpendwa,

Pokea salamu zangu, kwa heshima anayostahili baba, na mwalimu mkuu mstaafu vilevile. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Yule jogoo wako bado anawaamsha watu wa Miagao kabla ya kengele ya kanisa? Mimi ni mzima wa afya. Nimenenepa kidogo na nimeungua jua, kwa hiyo ukinikuta sokoni utadhani nauza samaki.

Dada Letty aliniandikia kwamba nafasi yangu katika shule yako ya zamani itashikiliwa hadi mwisho wa mwezi huu, na kwamba unangoja jibu kutoka kwangu mwenyewe. Jibu ni hili, ila nivumilie, maana lina kona.

Sijasahau uliyoniambia siku naondoka. Ulisema nchi ile watu huenda kuota jua, sasa mwalimu anakwenda kufundisha nini, kuogelea? Nikainama niuchukue mkono wako niuweke kwenye paji la uso, kama nilivyofanya kila siku tangu nijue kutembea, nawe ukautia mfukoni. Nilipanda ndege bila baraka yako.

Nilipofika nilipangiwa madarasa matatu ya Kiingereza. Wanafunzi wangu ni watoto wa wapishi wa hoteli, madereva na wauza vyakula ufukweni. Wazazi wengi walinung'unika. Walitaka Mzungu. Aliyenung'unika kuliko wote ni mama Namfon, mchoma ngisi, aliyemwambia mwalimu mkuu wetu Bi Wilawan mbele yangu, akidhani sielewi, "Huyu kafanana na sisi, Kiingereza kakitoa wapi?" Kwa Kithai nilichojifunza kabla ya safari, nilielewa kila neno.

Mwezi wa Julai mwaka jana, nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio, tulipeleka wanafunzi hekaluni kutoa mishumaa. Mtawa mkuu ni mzee sana. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti, nikaushika mkono wake na kuuvuta kuelekea kwenye paji langu. Tatay, huku mwanamke hamgusi mtawa hata kwa ncha ya kidole! Mzee aliurudisha mkono kama kagusa jiko. Vikongwe wakapiga ukelele. Bi Wilawan akawa mweupe kuliko mishumaa yetu. Nililia kwa aibu palepale, nikasema nisameheni, sikujua.

Arnel, Mfilipino mwenzangu anayefundisha hisabati, alinitania wiki nzima. "Dada, wenzako huja huku kuogelea, wewe umekuja kumkamata mtawa!" Lakini wazazi hawakucheka. Mama Namfon alikuja shuleni na majina ya watu thelathini wanaotaka nifukuzwe.

Aliyeniokoa ni mtawa mwenyewe. Alimwita Bi Wilawan, akauliza yule binti alikuwa anatafuta nini. Alipoelezwa kwamba kwetu mkono wa mzee ni baraka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Anayetafuta baraka hajakosa adabu, kakosa njia tu." Akaweka uzi mweupe wa baraka juu ya kitambaa, Bi Wilawan akauchukua akanifunga mkononi. Karatasi ya mama Namfon ikaishia hapo.

Nami nikafanya kazi, Tatay, kama ulivyonifundisha: kuwahi kabla ya mwanafunzi wa kwanza, kutoka baada ya wa mwisho. Namfon, ambaye alikuwa haongei hata Kithai chake, mwezi Februari alihutubia kwa Kiingereza kwenye mashindano ya shule zote za mkoa, akawa wa pili. Sasa mama yake ananiletea ngisi kila Ijumaa na nikikataa ananigombeza.

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku ya kuwaheshimu walimu. Tulikaa jukwaani, wanafunzi wakaja kwa magoti na sinia za maua waliyoyapanga wenyewe, na ua la biringani kati yake, maana huinamisha kichwa kwa heshima. Namfon alitangulia. Alinipa sinia, kisha akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye paji la uso wake. Niliwahi kuwasimulia darasani kwamba kwetu watu hufanya hivyo. Wakafuata arobaini waliobaki wa darasa lake, mmoja mmoja. Nilijivuna, Tatay. Sitakuficha. Nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Siku ya pili Bi Wilawan alinipa uongozi wa walimu wote wa Kiingereza, Wazungu wawili wakiwemo. Nimetia sahihi miaka miwili. Nafasi ya Miagao mpeni mwingine.

Sasa la mwisho, ambalo hata Arnel halijui. Hekaluni nilisema sikujua. Nilidanganya. Sheria ile niliambiwa siku ya kwanza kabisa. Lakini yule mzee alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, kama yako, na mimi nilikuwa na miezi mitatu sijapewa mkono na mzee yeyote. Nilijua, na bado nikaushika.

Nisalimie Dada Letty na wanawe, majirani, na jogoo pia. Shule zetu zitafungwa Oktoba, nami nitakuja nyumbani wiki mbili. Nitainama mlangoni kama zamani. Paji la uso nitakuja nalo, Tatay. Mkono unao wewe.

Mwanao,
Mwalimu Marivic