Rais, Kanda na Maksai wa Laizer

Oldeani, Jumamosi, mwishoni mwa Julai 1974.

Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka sasa haujainuka. Nikichungulia mlangoni naona miche ya kahawa ya mbele tu, mingine imemezwa. Nimekaa jikoni na daftari langu kwa sababu hapa kuna moto, na kwa sababu Baba yuko sebuleni.

Leo sitaki kuwa sebuleni.

Nianze na redio, maana yote yalianzia hapo. Tangu nirudi likizo Baba hufungulia taarifa ya habari ya Kiingereza kila jioni, ile ya nje, na majirani huja kusikiliza. Kusema kweli hawasikilizi redio, wananisikiliza mimi. Baba husema, haya Kidato cha Pili, tupe, nami husimama karibu na ukuta nikatafsiri huku nikitazama vidole vyangu vya miguu. Masikio huniwaka kwa aibu. Darasani sijawahi kunyoosha mkono hata siku ambayo jibu nilikuwa nalo. Lakini Baba huwa na furaha sana jioni hizo, na nikiiona furaha ile nashindwa kumkatalia.

Habari yenyewe siku hizi ni moja. Rais wa Marekani anachunguzwa. Wezi waliingia ofisi ya chama kinachompinga, wakakamatwa, na sasa inasemekana Rais alijaribu kuwazuia wapelelezi wasiufikie ukweli. Siku ya kwanza nilitafsiri "kuzuia haki", Mama akauliza haki ya nani, kwani amezuia mshahara wa mtu? Siku ya pili nikasema amewafunga macho wapelelezi. Hapo wakaelewa wote.

Na wameipenda! Mzee Bura, balozi wetu wa nyumba kumi, anaipenda kuliko wote. Hupiga goti lake akasema mabeberu sasa wanavuana nguo wenyewe kwa wenyewe. Mjomba Safari, anayeendesha watalii kule kreta kwenye bonde la wanyama, alituambia Wamarekani hotelini hawali tena meza moja. Mama mmoja alilia juu ya yai lake, mumewe akamwambia anyamaze, mbele za watu, yule ni Rais wao. Jirani yetu Mama Tippe yeye kila jioni huuliza kama mke wa Rais anajua. Redio haijasema.

Juzi, Alhamisi, siku ambayo Mzee Bura hakuja, ikaja habari ya kanda. Kumbe ofisini kwa yule Rais kulikuwa na mashine iliyokuwa ikinasa mazungumzo yake, na mahakama kubwa kuliko zote za huko imemwamuru azitoe kanda hizo zisikilizwe. Nilieleza kwanza kwamba ni Marekani, nikaeleza mashine, nikafika kwenye mahakama. Hapo ndipo Laizer alipoingia, ameinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake.

Laizer ni rafiki wa Baba kutoka Olbalbal. Akileta ng'ombe mnadani hupitia kwetu. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikimwinamishia kichwa akanigusa, naye huniita nakerai, mtoto, kwa Kimaasai chake, ingawa sasa ninamfika begani. Aliketi karibu na mlango akanisikia nikisema kwamba mahakama imemwamuru Rais azitoe kanda, na kwamba Rais alikuwa amekataa lakini sasa itabidi azitoe. Watu wakanong'onezana. Betri zikaanza kuchoka, Baba akazima.

Laizer alikunywa chai yake akaaga. Sikuona chochote usoni mwake.

Mimi niliposema kanda nilikuwa naona ule utepe wa kahawia unaozunguka kwenye mashine, kama niliouona kwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Laizer hajawahi kuuona, na neno Marekani lilikuwa limeshapita alipoingia. Kwao mwaka huu wote wamekuwa wakiitwa mikutanoni kuelezwa kanda: kanda hii ya malisho, kanda hii ya wanyama wa porini, kanda ile msiingize ng'ombe. Na kanda iliyofungwa ndiyo yenye kila kitu, chini kule kreta, kwenye maji na majani na magadi. Olbalbal kwa sasa ni vumbi.

Leo asubuhi tulikwenda mnadani Karatu, Mama na mimi na gunia la maharage ya ngwara. Baba alikuwa ametangulia. Hatujatua hata mzigo akatujia mbio, uso umemkauka. Alisema Laizer amemkumbatia mbele za watu na kumshukuru kwa habari njema. Amewaambia wenzake kwamba mahakama imemwambia Rais aachie kanda. Wale maksai aliowaleta kuuza hauzi tena. Auze ya nini, wakati kreta imefunguliwa? Anawarudisha leo hii, na wakifika anawashusha bondeni wakanywe.

Huko bondeni askari wa hifadhi hawatamuuliza amesikia redio gani. Watakamata ng'ombe na yeye watamweka ndani. Na wale maksai ndio waliomsalia baada ya kiangazi.

Nikasema ngoja nikamwambie. Baba akanishika mkono wa sweta.

"Wewe nyamaza," alisema. "Ukisema ulikosea, balozi ataanza kuuliza kwangu kulisemwa nini juu ya Rais wetu. Nitamweleza mwenyewe, taratibu, akishatoka kwenye watu."

Nikanyamaza.

Naandika hivyo bila kupamba. Nilikaa na Mama, nikapima ngwara, nikarudisha chenji, huku naiona fimbo ya Laizer juu ya vichwa vya watu. Baba hakumwendea. Kila nikimtafuta kwa macho alikuwa anaongea na mtu mwingine, anacheka sana, kama mtu anayepigwa picha. Mchuuzi wa ng'ombe kutoka Arusha alimfuata Laizer, Laizer akatikisa kichwa. Akamfuata tena. Vijana wa mnadani wakaanza kumtania Laizer, wakamuuliza kama hao maksai amewaoa. Akawajibu kwa sauti kwamba hawa wanakwenda kunywa maji ya mahakama, na wenzake wakacheka wakiegemea fimbo zao.

Mzee Bura alikuwa amesimama karibu nao. Hakucheka.

Nilikuwa nimeshika debe nikawaza jambo ambalo sikutaka kuliwaza. Jioni zote hizi nimekuwa nikisimulia habari za mkubwa anayewaambia watu wake wanyamaze ili yapite. Nilisimulia kama habari za mbali. Nilikuwa hata namcheka kidogo.

Kisha nikaona maksai wanageuzwa kuelekea barabarani.

Niliacha debe. Sikumbuki nilivyovuka uwanja. Nakumbuka nimemwinamishia Laizer kichwa na mkono wake ukanigusa, mzito na wa moto. Sauti yangu ilitoka kwa Kiingereza, neno lilelile la redio, na wale vijana wakaangua kicheko. Nikazungusha kidole hewani kama mpumbavu. Nikasema ni kanda za mashine, mzee. Za kunasa sauti. Nilikosea mimi, nilipaswa kusema nyuzi, au tepu, au chochote kingine.

"Si ardhi?" akauliza.

"Si ardhi. Ni maneno aliyoyasema."

Mzee Bura akasogea. Akauliza, kwa sauti ya kusikika na wote, Rais gani huyo tunayemzungumzia hapa. Nikasema wa Marekani. Akashusha pumzi, akaanza lile lake la mabeberu kuvuana nguo, lakini Laizer alikuwa hajamaliza. Alitaka kujua kama ni kweli basi kwamba huko mahakama inaweza kumwambia Rais toa, naye akatoa.

Nikasema inaweza kumwambia. Kama atatoa sijui.

Wenzake Laizer walitazama upande wa Bura, Bura akatazama viatu vyake. Ng'ombe mmoja alilia zizini na nilimshukuru moyoni.

Nilidhani yameisha. Nikageuka nirudi kwa Mama, nikasikia ananiita.

"Ulijua tangu lini, nakerai?"

Ningeweza kusema "sasa hivi". Ningesema nimesikia sasa hivi nikaja mbio, na ingekuwa rahisi, kila mtu angekwenda nyumbani na heshima yake. Baba alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yangu kidogo. Niliona kivuli cha kofia yake ardhini karibu na changu, maana huko Karatu jua lilikuwa limetoka.

"Tangu asubuhi," nikasema.

Laizer alinitazama. Halafu macho yake yakapanda juu ya kichwa changu, yakatua kwa Baba, yakakaa huko. Baba, yeye ambaye hushinda akiongea, akavuta kofia yake chini. Kisha Laizer akapiga mluzi, akawageuza maksai wake, akarudi kwa mchuuzi.

Mchuuzi alikuwa ameona mchezo wote. Alijua sasa huyu mzee hana pengine pa kuwapeleka, akashusha bei bila haya. Laizer aliuza hivyohivyo. Laiti ningemwendea asubuhi, kabla hajamkataa mtu yule, angepata bei ya haki. Lakini maksai hawatakamatwa na yeye hatalala ndani. Najiambia hilo tena na tena toka nimerudi, linanisaidia kidogo, si sana.

Hakupita kwetu kunywa chai. Alipita barabara ya juu na wenzake.

Mzee Bura amemwambia Baba aende Jumatatu wakaongee kidogo. Ametabasamu alipokuwa anasema, kwa hiyo labda ni kidogo kweli. Baba amerudi nyumbani akitembea mbele yetu njia nzima. Mama hajanigombeza wala hajanisifu. Amenijazia kikombe cha maziwa mgando kuliko kawaida, akaendelea kupepeta. Majirani hawajaja jioni hii, isipokuwa Mama Tippe, aliyefika mpaka mlangoni, akamwona Baba alivyokaa, akasema amekuja tu kuomba chumvi.

Naogopa hiyo Jumatatu. Naogopa zaidi sebule.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua na hapa ndipo pekee ninapoweza kukisema. Laizer aliniuliza nilijua tangu lini. Hakuniuliza nani aliniambia ninyamaze, na swali hilo lilikuwa palepale, limefuata kama mguu wa pili. Nimekaa hapa jikoni najiuliza ningemjibu nini pale mnadani, na Baba amesimama nyuma yangu.

Nadhani ningemtaja. Nadhani Laizer pia alijua ningemtaja, ndiyo maana hakuuliza.

Asubuhi nitamwomba Baba twende wote kwa Laizer. Akikataa, sijui kama nitathubutu kwenda peke yangu.