Bismillahi ya Ustadh Shukri

Radwa, niko kazini hospitalini, nimejaa hasira.

Swichi inayounganisha kompyuta za maabara imegoma tangu asubuhi. Inawaka, inakwama njiani. Majibu ya damu ya watoto hayafiki wodini. Nikawa naipakia programu yake upya kwa waya, polepole kama kobe. Ilikuwa imebaki kidogo tu!

Akaingia bosi wangu, Ustadh Shukri. "Binti, mbona taa si kijani? Zima, washa!"

"Usiguse, Ustadh, nakusihi!"

Akasema bismillahi, akachomoa umeme, kazi yangu yote ikapotea. Radwa, alisema BISMILLAHI!

Halafu akawaambia manesi, akininyooshea mimi kidole, "Msomi wetu ameshaiua."

Nimeanza upya, mlango nimeufunga kwa ndani. Anagonga, anafoka. Agonge. Sifungui mpaka majibu ya wale watoto yafike.