Santuri ya Manono Niliyomficha Papa Deo

Jumapili jioni. Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo baada ya misa, na vumbi la Kalemie hatimaye limelala. Ziwa lina rangi ya chuma. Ndani ya nyumba kunanukia udongo na chai.

Nimeshiba furaha leo, na sikustahili.

Nina jambo la kuungama. Naweza kuliandika hapa kwa sababu nimekwisha kuliungama kwa mwenyewe niliyemkosea.

Sisi ni watu watatu tunaopenda santuri za zamani. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Papa Deo ni fundi wa redio, ana kibanda chake karibu na daraja la Lukuga, na kwa umri angeweza kunizaa. Mama Apolina anauza mikebuka, samaki wakavu wa ziwani. Kila akivuka kwenda Kigoma anarudi na santuri moja au mbili amezifunga katikati ya vitenge vyake. Jumapili wanakuja kwangu kwa sababu mashine ya kuzipiga iko kwangu. Sharti letu ni moja tu: usilete wimbo ambao kila mtu anaujua.

Nyimbo kubwa zina watu wengi wa kuzitunza. Sisi tunatafuta za orkesta ndogo zilizorekodi mara moja kisha zikatawanyika: vijana wa reli, vijana wa bandari, kwaya za misioni. Tuna moja ya kwaya ambapo jogoo anawika kati ya ubeti wa pili na wa tatu, na Mama Apolina hucheka kila mara kana kwamba hajawahi kumsikia. Tuna nyingine ya ng'ambo ambayo mpiga ngoma hakuona kwamba wimbo umekwisha. Wenzake wameshanyamaza, yeye bado anapiga. Tunampenda sana mtu yule. Hatujui hata jina lake.

Basi mwezi wa sita nilitumwa Kabalo kusimamia mitihani. Mama aliyenipokea kwake alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Aliponiona nimechuchumaa mbele ya santuri za marehemu, zimejaa vumbi chini ya meza, akaniambia nizichukue tu, kwa kuwa mashine yake ilikufa zamani na watoto wanasikilizia simu. Nilikaa sakafuni nikazipangusa moja moja. Ya nne, kwenye karatasi ya katikati, ilikuwa imeandikwa: Mwanga wa Lukushi, Manono.

Nilijua pale pale ninachokishika.

Papa Deo ameitafuta santuri hiyo tangu sijawa mwalimu. Mwanga wa Lukushi ilikuwa orkesta ya vijana wa machimbo ya Manono, enzi za bati, na kaka yake mkubwa, Norbert, alipiga gitaa humo. Norbert alikufa kijana, hakuacha mtoto. Picha zake mbili zilikuwa kwenye sanduku la mama yao, na sanduku lilipotea wakati wa vita walipokuwa wanakimbia. Papa Deo alikuwa akituambia, bila huzuni, kama mtu anayetaja kitu alichokisahau mahali fulani, kwamba uso wa kaka yake umeanza kumtoka kichwani.

Na mimi nilikuwa nayo. Nikanyamaza.

Jumapili ya kwanza nilijidanganya kwamba niisafishe kwanza. Ya pili nikasema nisubiri siku nzuri. Baadaye sikujidanganya tena, nilinyamaza tu. Niliitamani. Hakuna mtu mwingine niliyemjua mwenye santuri ile, na nilijua kwamba nikiitoa haitarudi mkononi mwangu. Mke wangu peke yake ndiye aliyeijua siri, na hakuipenda. Aliniambia mara moja, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulinisumbua kuliko maneno.

Niliipiga mchana, peke yangu, dirisha limefungwa. Ni nzuri mno. Gitaa la kwanza linatembea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, hana haraka, hatelezi. Kasoro ni moja. Mwanzoni, kabla ya muziki, mwanaume anahesabu moja mbili tatu, na kwenye hiyo "moja" sindano inaruka: mo, mo, mo, kisha inaendelea. Niliisafisha kwa maji na pamba. Nikapunguza uzito wa mkono wa mashine. Bado iliruka. Nikaandika kwenye daftari langu: "Imeharibika kidogo mwanzoni."

Wiki hii mashine ikanyamaza. Jana nilimtumia Papa Deo ujumbe, na leo alifika kabla ya saa, mvua ikinyesha, vifaa vyake ndani ya mfuko wa plastiki na yeye mwenyewe amelowa mpaka magoti. Akaifungua mashine mezani, akakaa nayo karibu saa nzima. Kumbe kidude fulani kilikuwa kimeungua ndani. Alikuwa na kingine mfukoni. Nikamwuliza amekipata wapi.

"Kwa redio yangu ya chumbani," akasema. "Inaletaka habari mbaya tu. Iache ipumzike."

Nilitoka nje nikasimama kibarazani. Mtu amebomoa redio yake ili mimi nipate kusikiliza, na chini ya kitanda changu kuna sauti ya ndugu yake.

Mama Apolina alipofika na mwavuli wake, sikungoja hata anywe chai. Niliingia chumbani, nikaitoa, nikaiweka mbele ya Papa Deo.

"Ninayo tangu Kabalo, Papa," nikamwambia. "Tangu mwezi wa sita. Niliificha."

Alivaa miwani. Alisoma ile karatasi, akaigeuza santuri, akasoma upande wa pili, akarudi wa kwanza. Hakunitazama.

"Weka," akasema.

Niliishusha sindano taratibu, nisiikwaruze. Ukaja ule mchakacho, kama mafuta kwenye kikaango. Kisha yule mwanaume akaanza kuhesabu: mo, mo, mo, moja. Nikawahi kusema, kwa aibu, "Samahani, hapo inaruka kidogo."

Papa Deo aliinua mkono. Nikasimamisha.

"Hairuke," akasema polepole. "Norbert alikuwa na kigugumizi. Huyu njo yeye."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Miezi mitatu nilikuwa nimejaribu kumfuta mtu yule kwa pamba.

Halafu Papa Deo akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, kwa sauti nyembamba ya kitoto. "Kwa kuimba hakukwama hata siku moja," akasema. "Kwa kuongea tu. Tulikuwa tunamucheka, mama anatuchapa. Na wenzake wa orkesta wakamupa yeye ahesabu." Mama Apolina alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Tukasikiliza mpaka mwisho. Nikamsifia lile gitaa la kwanza, nikidhani namsifia kaka yake. Akatikisa kichwa. Norbert ni gitaa la pili, lile linalobaki nyuma, linarudia kitu kimoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho. Katika miezi mitatu sikuwa nimelisikia hata mara moja. Sasa silisikii jingine.

Baada ya hapo akavua miwani, akanitazama.

"Miezi mitatu, Mwalimu."

"Ndiyo, Papa."

"Na kama ningekufa?"

Mama Apolina, ambaye kwa kawaida hunitetea, leo hakunitetea. "Jibu mukubwa wako," akasema.

"Nilikosa, Papa. Ilikuwa tamaa. Naomba unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alivaa miwani tena, akasogeza kiti chake karibu na mashine. "Rudilia," akasema. Nikarudilia. Tumeipiga mara saba, na kila mara alitaka ianzie kwenye kuhesabu. Mara ya tano alikuwa anahesabu pamoja naye, midomo tu, bila sauti. Santuri ya Mama Apolina, aliyoitoa Kigoma, haijafunguliwa hata kidogo, na hakulalamika.

Mvua ilipokatika nikamfungia santuri kwa gazeti na kitambaa safi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibana kifuani ndani ya koti. Nilidhani ataondoka hivyo. Mlangoni akageuka, akaniambia kwamba dada yao mkubwa, Mama Veronika, yuko Mpala, miguu yake haimfikishi tena mjini. Ndiye aliyemlea Norbert. Jumamosi kuna mtumbwi wa mota unaokwenda huko.

"Utabeba mashine," akasema. "Miye nitabeba Norbert."

Mama Apolina akasema naye anakuja, kwamba wanaume wawili hawajui kufunga mzigo. Wakashuka barabarani wakikwepa madimbwi, wanabishana kuhusu saa ya kuondoka.

Nimebaki nimekaa na mashine iliyopona kwa kidude cha redio ya mtu mwingine. Nimeshukuru kwa mjane wa Kabalo, ambaye hajui alichonipa. Nimeshukuru kwa mke wangu na kunyamaza kwake. Nimeshukuru hata kwa lile swali la "kama ningekufa", maana ameniuliza akiwa hai.

Kesho nikitoka shuleni nitapita sokoni kutafuta nailoni nzito ya kuifunika mashine. Ziwa likichafuka, heri nilowe mimi.