Asali ya Mzee Duku Ilikuwa Tamu

Shangazi,

Asali ya Mzee Duku ilikuwa tamu. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniambia niache kuzungukazunguka. Ulikosea. Wewe, mwonjaji wa kikundi cha wafuga nyuki wa Lobule, ambaye ulimi wako uliogopwa mpaka Koboko mjini, ulikosea, na nimekwenda kuwaambia wote.

Usinikunjie uso. Nisikilize kwanza.

Tangu tukuzike, nyumba yako imeezekwa upya, na kuku wako wamehamia kwa jirani bila aibu yoyote. Mimi bado nafundisha biolojia hapa Ediofe, Arua. Likizo iliyopita nilikuja kupanga nguo zako. Katika pindo la kitenge chako cha kijani nilikuta fundo, na ndani yake majani makavu, yale ya mmea unaotambaa nyuma ya choo. Niliyajua. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba una kisukari, na kwamba badala ya kliniki ulikuwa unatafuna majani. "Usiambie mutu," ulinionya. "Mwonjaji ya asali na ugonjwa ya sukari? Watu itacheka mimi."

Nilikukumbuka sana, nikatafuna moja. Halafu nikanywa chai. Haikuwa na sukari. Nikaongeza kijiko, nikaongeza cha pili, cha tatu. Bado! Nikatia sukari yenyewe mdomoni, ikawa mchanga mtupu. Niliketi kwenye kitanda chako karibu saa nzima mpaka utamu ukarudi, na hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Duku, nikalia.

Unaikumbuka siku ile. Ulionja ndoo za wenzake asubuhi, zote zikapita. Yeye alichelewa, baiskeli ilipata pancha njiani. Ulikuwa umeshaenda nyuma ya choo, ukarudi unatafuna, nami nilikuona. Ukachovya kidole, ukatema, ukafunga kifuniko. "Harufu iko, tamu hakuna. Huyu ametia uji ya muhogo." Na desturi yenu ni ile ile: mwonjaji akifunga kifuniko, hakuna mwingine anayechovya kidole. Kwa hiyo hakuna aliyeonja. Mzee Duku alifunga ndoo yake kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka nyumbani bila kupanda. Wakamwondoa kwenye kikundi siku hiyo hiyo.

Niliporudi Arua nilisoma mpaka nikaelewa. Ngoja nikufundishe, maana wewe ulinifundisha kila kitu kingine. Kwenye ulimi kuna vinundu, ndani ya vinundu kuna seli, na kwenye ukuta wa seli zimesimama protini mbili zilizoshikana. Haziwezi kufanya kazi hii moja bila nyingine. Moja ina kama mdomo ulioachama nje ya ukuta. Sukari ya asali ikiingia pale, mdomo hufumba, na kule kufumba huzivuta zote mbili, zikajigeuza mpaka chini, ndani ya seli. Seli hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo ndio unaosema: tamu. Sasa lile jani lako lina dawa inayong'ang'ania sehemu ya chini ya ile protini ya pili, humo humo ukutani. Sukari inakuja mlangoni, lakini habari haipiti. Harufu haihusiki, ina njia yake puani. Ndiyo maana uliipata harufu, utamu ukaukosa. Ulimi wako haukusema uongo, Shangazi. Ulikuwa umezibwa.

Lakini Mzee Duku aliishi miaka miwili na jina la mwizi. Alikuwa akiuza asali yake peke yake barabarani, na watu wanapita.

Ningenyamaza, siri yako ingekaa salama. Nilifikiri usiku mmoja tu, si zaidi. Nilikwenda Lobule siku ya kuonja, nikampa kila mtu jani atafune, kisha nikafungua ndoo ya mwenyekiti mwenyewe. Ungecheka mpaka ukae chini. Mwenyekiti alitema asali ya mizinga yake, akauliza kwa hasira, "Nani imeharibu asali yangu?" Hapo nikasema yote. Jani, kisukari, kitenge, siku ile.

Kisha wakaenda wote kwa miguu mpaka kwa Mzee Duku, mwenyekiti mbele, kumwomba radhi na kumrudisha. Nilidhani atafurahi, au atatukana. Hakufanya hata kimoja. Aliniuliza tu, "Yeye alikuwa mgonjwa tangu siku ile?" Nikaitika. Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mimi nilikasirika na yeye mpaka kaburini. Mke yangu pia ilikuwa na hii ugonjwa. Kama angesema, mimi ningepeleka yeye kliniki na baiskeli yangu."

Hilo ndilo linaloniuma. Si kosa la ulimi, hilo limesamehewa, na sasa wanaonja watu wawili, hata kifuniko kikishafungwa. Linaloniuma ni kwamba mtu uliyeogopa kwamba atakucheka ndiye angekubeba. Na mimi niliyekuwa najua, nilikutii nikanyamaza. Nisamehe.

Daktari anasema ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo. Jumatatu nilipima damu. Majibu ni kesho, na nitakwenda kuyachukua mchana kweupe, na Mzee Duku amesema atakuja Arua kukaa nami kwenye benchi. Pumzika, Shangazi. Wakiniambia ninao, nakuahidi, Lobule nzima itajua kabla jua halijazama.

Wako,
Keji