Kompyuta Isiyozimwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokubana tangu siku ya mvua kimeanza kulegea. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenisusa kabisa. Msalimie dada na shemeji, uwaambie ahsante kwa kuwapokea nyote, na umsalimie jirani yetu Mama Mapacha na wanawe. Nasikia pacha mdogo bado ana plasta mkononi, na mkubwa anamwonea wivu, analilia na yeye afungwe. Nilicheka niliposikia hivyo, halafu nikachukua kalamu.

Uliniambia kwamba kila mgeni akiingia hapo kwa dada, unamsimulia jinsi nilivyokuita utoke bondeni siku ya mafuriko, na jinsi machale yalivyonicheza. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unaongea wewe tu, mimi kazi yangu ni kuitikia. Soma polepole, tena ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu hapa kituoni ni kutunza vifaa vya kupima kina cha mto. Kipimo kimezamishwa chini ya daraja, na kina waya wake unaoleta namba kwenye kompyuta moja ofisini. Kompyuta hiyohiyo ndiyo inayoviamrisha ving'ora vya bondeni vilie maji yakifika alama nyekundu, na amri inapita kwenye waya mwingine, wa mtandao, uliofukiwa ardhini mpaka huko kwenu. Hakuna kitufe cha kubonyeza kwa mkono. Waya ule ukikata mawasiliano, ving'ora vinabaki kuwa milingoti ya kutulia ndege.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, inatumia mfumo uitwao Linux, na juu yake mkuu wa kituo amebandika karatasi ya MARUFUKU KUZIMA. Sisi kwa siri tunamwita mkuu huyo Usiguse. Anasema zamani ilizimwa mara moja tu, ikagoma kuwaka kutwa nzima, na yeye siku hiyo nusura apatwe na kiharusi. Basi kwetu hapa mashine ile ikisumbua unaiambia ijianzishe upya, lakini kuizima kabisa, thubutu!

Siku moja kabla ya mafuriko nilikuwa narekebisha kipimo. Programu ya kazi hiyo haikubali Linux, inataka mfumo mwingine, ambao mimi nilikuwa nao kwenye diski yangu ya kuchomeka. Mkuu hapendi vitu vya kuchomeka, kwa hiyo sikumwambia. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta ileile, nikaianzisha upya kwa mfumo ule, nikafanya kazi yangu, kisha nikaianzisha kompyuta upya ikarudi kwenye Linux. Sikuizima, karatasi si ilikuwa inanitazama? Namba za mto zilikuwa zinaingia vizuri, nikaenda zangu nyumbani napiga mluzi. Upande wa ving'ora sikuukagua.

Kesho yake mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Adhuhuri, katika kupitisha macho tu, nikaona kwenye kona ya skrini ile alama ya mtandao imepigwa X. Nikazunguka nyuma ya kompyuta. Kijitaa cha kijani, pale waya unapochomekwa, kilikuwa kimezimika. Maana yake ving'ora vilikuwa vimekatika.

Nikabadilisha waya. Nikapuliza vumbi kwenye tundu lake. Nikaianzisha kompyuta upya, mara moja, mara ya pili. Kimya. Nikaiambia initajie vifaa vyote vilivyomo tumboni mwake, ikataja cha picha, cha sauti, ikataja hadi tundu la printa ambayo hatujawahi kuwa nayo. Kadi ya mtandao, ile sehemu inayopokea ule waya, haikuitaja. Nikailazimisha kupakia programu inayoendesha kadi hiyo, ikanijibu hakuna kifaa cha namna hiyo. Na hilo ndilo lililonitia ubaridi, Mama, kwa sababu kadi ikiharibika kompyuta hulalamika, walau unajua unapigana na nini. Hii haikulalamika. Ilikuwa kama unamuulizia mtu nyumbani kwake, wenyewe wanakwambia hatumjui.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayokuja kabla mfumo haujaamka, na huko imeandikwa kadi ipo na imeruhusiwa. Sasa ipo wapi? Kadi ya akiba hatuna. Nikatupia jicho namba za mto, maji yalikuwa yameshapita alama ya njano, na kila zikibadilika zinapanda.  Nilikuwa nabonyeza vitufe, nakosea, nafuta, nakosea tena.

Sasa hapa, Mama, ndipo ninapoogopa kuandika, ila nimeshaanza na nitamaliza.

Tuna sheria moja kituoni ambayo hata mfagizi anaijua. Mawasiliano na ving'ora yakikatika, unamwambia mkuu papo hapo, naye anatuma gari la kipaza sauti lishuke bondeni kuwaambia watu wahame. Mkuu alikuwa chumba cha pili. Mlango umefungwa, lakini nilimsikia akikohoa na akikoroga chai yake. Ningesimama tu nikagonga. Sikugonga. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, mwezi ndio ulikuwa unaisha waamue kunibakiza au kunifukuza, na nilijua swali lake la kwanza lingekuwa nani aliigusa mara ya mwisho, na aliigusa na nini. Nikajiambia bado kidogo, naipata sasa hivi, hakuna haja ya kumshtua mzee wa watu. Na huku najiambia hivyo, mkono ukachukua simu, nikakupigia wewe. Nikakuambia dada ameanguka ghafla, hali yake mbaya, uache kila kitu upande kwake huko mlimani saa hiyohiyo.

Hayakuwa machale, Mama. Ulipofika ukamkuta dada anapiga pasi, ukasema mwanangu amehisi jambo. Sikuhisi chochote. Nilikuwa nayatazama maji kwa macho yangu mawili. Bonde lina nyumba kibao, na wengi wao namba zao ninazo, nimekua nao. Nikapiga simu moja.

Halafu ukanipigia ukiwa njiani, unahema, unaniambia nisiwe na wasiwasi na nyumba kwa sababu umemwachia Mama Mapacha ufunguo. Ati paa lake linavuja, kwa hiyo ahamie kwako na watoto wakauke, na kuku nao wapate mtu wa kuwaangalia. Mama, nyumba yako ndiyo ya chini kuliko zote, iko mdomoni mwa mto. Yeye alikuwa salama kule kwake juu, paa bovu na yote. Aliteremka kwa sababu ya uongo wangu.

Nikampigia, simu yake haipatikani. Nikarudia, haipatikani. Nikaenda hadi mlangoni kwa mkuu, nikashika kitasa. Haki ya Mungu nilikishika. Nikarudi kwenye kompyuta.

Nadhani ni hofu ndiyo iliyonifungua akili. Nikakumbuka ile diski yangu. Mifumo mingine, kama ule wa kwenye diski, ikifungwa inailaza kadi ya mtandao ili isile umeme, na haiiamshi. Kuanzisha upya hakusaidii kitu, kwa sababu umeme hauondoki hata kidogo, kadi inaendelea kulala fofofo. Dawa yake ni kuzima kabisa, kuchomoa waya wa umeme ukutani, na kukishikilia kitufe cha kuwashia mpaka chembe ya mwisho ya umeme iishe ndani. Yaani kufanya lile hasa ambalo karatasi ilikataza. Na ikigoma kuwaka, tunakosa hata namba za mto.

Nikaizima. Chumba kikawa kimya nikasikia mvua kama iko humo ndani. Nikachomoa, nikashikilia kitufe, nikasubiri na plagi mkononi, nalia bila sauti. Nilipochomeka na kuwasha, feni ilinguruma ikanyamaza. Nikasema nimeua watu. Ikanguruma tena, safari hii haikukoma, na kile kijitaa cha kijani kikawaka. Kompyuta haikusubiri hata niguse kitu. Maji yalikuwa yameshapita alama nyekundu, na ving'ora vikalia bonde zima.

Mkuu akatoka mbio na kikombe chake, akasikiliza, akanipiga begani kwa furaha. Akasema ndiyo maana yeye hutukataza kuizima. Nikamwitikia ndiyo, mzee.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mama Mapacha alitoka mtoto mmoja mgongoni na mwingine anamburuta, maji magotini, na pale kwenye ngazi zako mdogo akateleza akavunjika mkono. Cherehani yake, ambayo ndiyo inayowalisha, na aliyokuwa ameiteremsha kwako isilowe, ilichukuliwa na mto. Gari la kipaza sauti lingepita adhuhuri, wangetoka wakitembea, na vitu vyao kichwani. Watu wanasema ving'ora viliwaokoa. Mimi ndiye niliyevichelewesha, na ndiye niliyemweka mle ndani.

Wiki iliyopita nilipewa kazi rasmi, pamoja na sifa. Leo asubuhi nimegonga ule mlango nikamweleza mkuu kila kitu. Hakufoka. Aliniuliza swali moja tu, kwamba mama yangu nilimwambia saa ngapi. Nikamjibu. Akaniambia niende nyumbani nikasubiri kuitwa, na alipokuwa anasema hivyo hakunitazama.

Kazi ikienda na iende, Mama. Ninayemwogopa ni Mama Mapacha. Juzi amenitumia salamu, ananiita mkombozi wa wanawe. Nakuomba umsomee barua hii, maana kusoma kwake ni kwa tabu. Msomee yote. Nakujua wewe, utataka kuruka pale pa simu ili unisitiri. Usiruke.

Jumamosi nakuja. Akisema nisiingie, niacheni uani, hata kama mvua inanyesha, na wewe usinitolee kiti.

Wabusu watoto, yule wa plasta umbusu mara mbili. Mungu akupe afya.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako.